Hatupeani Sepetu

Takoma Park, Maryland
14 Septemba 2024

Dada Jelagat,

Chamge, salamu za kwetu. Mimi ni mzima kutoka kichwani mpaka magotini. Kutoka hapo kwenda chini usiniulize. Wewe na watoto hamjambo? Yule ng'ombe wa pembe moja amezaa? Na paa la jiko, nililokuambia mwaka jana kwamba litavuja, limevuja?

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako si simu, ni redio ya kijiji. Nikipiga unaiweka mezani sauti juu, na kabla sijamaliza kukusalimia nasikia Cheruiyot, mtoto wa baba mkubwa, akiniuliza huku kuna baridi kiasi gani. Barua hii nampa Akinyi, nesi tunayesali naye. Anasafiri kwao Kisumu, ataitia posta huko.

Nimesikia kwamba mama mdogo Tapsubei amepooza upande mmoja, na kwamba wewe ndiye unayemwogesha. Nilidhani masikio yangu yamechoka. Ni Tapsubei yule yule, mke wa pili wa baba? Yule ambaye mama yetu alipolala kitandani mpaka akafa, hakuvuka ua hata siku moja kumpa pole? Nitarudi kwa neno hilo.

Nina kazi mpya. Ile ya kupakia mizigo mgongo wangu uliikataa. Sasa nachimba makaburi. Usipige kelele. Najua babu angenifukuza kwenye chungu cha pamoja kwa kushika mambo ya maiti. Lakini udongo ni udongo. Ni makaburi ya Wayahudi, nje kidogo ya mji. Nachimba kwa mashine, nanyoosha kingo kwa mkono, nakata nyasi. Jioni napanda treni kwenda Arlington kufagia ofisi. Nikirudi nalala na viatu.

Wiki ya kwanza niliharibu. Wayahudi hawaiachii mashine kazi yote. Jeneza likishashuka, ndugu na marafiki wenyewe wanashika sepetu na kutia udongo, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza aliigeuza sepetu, akachota kwa mgongo wake, udongo ukashika kidogo tu. Nikasema moyoni, hawa watu wa ofisini hawajui hata kushika sepetu. Alipomaliza akaichomeka kwenye lundo la udongo, akaenda zake, na nyuma yake kuna mama mzee anangoja. Sasa wewe unajua tulivyolelewa. Mtu akingoja kifaa unampa mkononi, na kama ni mkubwa wako unampa kwa mikono miwili. Niliona aibu kwa niaba yao. Nikaruka, nikaing'oa, nikampelekea yule mama kwa mikono miwili na kichwa nimeinamisha. Akarudi nyuma kama niliyemletea nyoka.

Nyuma yangu nikasikia Kiswahili. "Rafiki, irudishe udongoni, tafadhali." Kiswahili kilichopigwa pasi, kama cha taarifa ya habari. Nikageuka nikamwona mtu mweusi, mrefu, amevaa ile kofia yao ndogo.

Baada ya mazishi akanijia. "Shikamoo," akasema, na sisi ni rika moja.

"Wewe ni Mtanzania?"

"Hapana. Nimezaliwa hapa hapa mjini, ng'ambo ya mto Anacostia. Kiswahili nilikisoma chuoni."

"Na hiyo kofia?"

"Mimi ni Myahudi."

"Myahudi kweli?"

"Wewe umetoka wapi, bwana?"

"Kenya. Nandi."

"Aha. Mkimbiaji kweli?"

Nilicheka mpaka goti likauma. Anaitwa Sekou. Aliniambia hivi: "Hatupeani sepetu. Huzuni haipokezwi mtu mkononi. Kila mmoja anaichukua mwenyewe, au anaiacha." Nikamwuliza mbona wa kwanza aliigeuza. Akasema ni kuonyesha kwamba hawana haraka na kazi hiyo.

Sasa neno lililonikaa kama kokoto kwenye kiatu. Kando ya lango letu kuna nyumba ndogo ya matofali. Asubuhi naona magari yanafika, watu wanaingia kimya. Sekou ni mmoja wao. Wanaosha maiti. Wanaume wanaosha wanaume, wanawake wanaosha wanawake. Wanawavisha nguo nyeupe zisizo na mifuko, tajiri na maskini sawasawa. Hawalipwi. Na familia haiambiwi ni nani walioosha. Neno hilo nilimfanya Sekou alirudie, nikidhani Kiswahili chake kimepotea njia. Hakikupotea.

Basi, dada, mtu anaacha kwake penye joto, anakwenda kuosha mtu asiyemjua, hapati kitu, hapati hata asante. Anatafuta nini? Na wewe kwa Tapsubei unatafuta nini? Nauliza tu.

Ndugu yako,
Kiplagat


Chepterit
20 Oktoba 2024

Kiplagat wa mama,

Barua yako imefika na stempu ya Kisumu. Mwalimu mkuu alinikabidhi akiwa ameishika kwa ncha za vidole, sijui alisikia harufu ya kazi yako.

Ng'ombe amezaa, ndama jike. Paa limevuja, umefurahi? Watoto ni wazima, ila mkubwa ameanza kuota ndevu na maneno. Mahindi yamekubali mwaka huu. Kanisani tumepata mchungaji mpya anayehubiri mpaka kuku wanarudi kulala.

Kuosha maiti siogopi. Kilichonishangaza ni kwamba huko Amerika mtu anaweza kufanya jambo bila kulitangaza. Hapa akina mama wa kikundi walimletea Tapsubei unga na sukari, wakampanga kitini, wakamshikisha pakiti ya unga kwenye mkono ule usio na nguvu, wakapiga picha. Ilizunguka kwenye simu zote. Tapsubei alifumba macho kwa makusudi. Mpiga picha akamwambia, "Kogo, bibi yetu, fungua macho." Akajibu, "Nifungue nione nini? Unga nimeuona."

Unauliza natafuta nini kwake. Nitakuambia nilivyoanza tu. Nilikuwa napita kwenda kuteka maji, nikasikia harufu. Nikaingia. Ndiyo hivyo. Usidhani ananishukuru. Nikimwagia maji anasema, "Unataka kunichuna kama kuku?" Yakipoa anasema nataka kumuua kwa baridi. Jina langu hajalitaja hata mara moja. Ananiita "wewe".

Lakini kuna jambo, na ndiyo sababu nimekaa kukuandikia huku chungu kikiungua. Unajua Tapsubei hakuzaa. Lile shamba lake la mtoni, lenye majani chai, halina mtoto wa kulirithi. Cheruiyot anakaa pale sokoni na kuwaambia watu, "Jelagat ametoka kwa mumewe mikono mitupu, sasa ameona chai." Watu wanacheka. Jumapili wameanza kunisalimia kwa jicho moja. Juzi nilifika mpaka kwenye ua na ndoo ya maji moto, nikaona wanawake wawili wakinitazama kutoka barabarani, nikarudi nayo nyumbani kama mwizi. Nilimwogesha baadaye, lakini nilikaribia kabisa kuacha.

Kwa hivyo usiniulize mimi. Waulize hao watu wako wa sepetu. Na uulize kwa upole, si kama askari. Wakikuambia wanapata nini, niandikie, nami nipate la kuwajibu watu hapa. Maana ukweli ni kwamba mimi mwenyewe sina jibu, na mtu asiye na jibu hapa kwetu anapewa jibu na wengine.

Vaa soksi mbili.

Dada yako,
Jelagat


Takoma Park
1 Desemba 2024

Dada Jelagat,

Salamu za baridi. Tumemaliza sikukuu ya Waamerika ya kula bata mzinga. Nyama yake ni kama kuku aliyesoma sana, kubwa na kavu. Kimani, tunayekaa naye chumba kimoja, amenunua blanketi la umeme, na sasa haamki kwenda kazini. Ndama mpe jina la mama.

Nimeuliza, dada. Nimeuliza mpaka wananikwepa. Nilianza na Audrey. Ni mwalimu mstaafu anayekaa Greenbelt, mfupi kama mtoto wa darasa la nne. Ndani ya gari lake kuna kopo la bati, na kabla hajawasha gari anatia sarafu kwa ajili ya wasio nacho, hata kama anakwenda tu kununua maziwa. Nikamwuliza kama ni wema. Akaniambia hapana, kwao kutoa si wema bali ni haki, na hata anayepewa naye anatakiwa kutoa. Nilimpelekea chai ya maziwa kwenye chupa yangu, nikamsubiri atoke kwenye ile nyumba ya matofali.

"Audrey, unapata nini humo ndani?"

"Nani amekutuma?"

"Dada yangu."

Akacheka. "Mwambie mara ya kwanza nilikuja kwa sababu walinipigia simu, na sikupata uongo wa haraka."

"Na mara ya pili?"

"Nilikuwa nimekosana na binti yangu. Nilitaka asikie kwamba mama yake anafanya jambo kubwa."

"Alisikia?"

"Kiplagat, haturuhusiwi kusema tumemwosha nani! Hakusikia chochote. Bado ananiona mchoyo."

"Basi sasa unakuja kwa nini?"

Akanywa chai. "Sasa? Nikipigiwa simu, ni zamu yangu."

Nikamwambia mimi nilidhani mtu lazima moyo wake umtume kwanza. Akasema moyo wake ni mvivu. Angeungoja umtume angekuwa bado amelala. Alisema nia ni kama yule mgeni anayefika chakula kikiwa tayari mezani. Humfukuzi kwa kuchelewa.

Mwingine ni mzee anayetembea kwa fimbo. Aliniambia bibi yake alikufa Ulaya wakati wa vile vita vya kuwaangamiza Wayahudi, hakuna aliyemwosha, na hawajui alilala wapi. "Kwa hiyo naosha," akasema. Huyo sikumwongezea swali.

Sekou ndiye alinichanganya. Baba yake alipofariki, wanaume walimwosha, naye hakuambiwa ni nani. Ikawa kila akiingia sinagogi anatazama mikono ya watu. Anajiambia, labda ni huyu. Labda ni yule anayenikera. "Kwa mwaka mzima," akasema, "nilishindwa kumnunia mtu yeyote." Halafu naye akaenda kujiandikisha. Nikamwambia, kwa hiyo unalipa deni. Akasema, "Deni gani, bwana, na sijui wa kumlipa?"

Na kitu kimoja zaidi. Kabla ya kumwosha mtu wanamwita kwa jina lake na kumwomba msamaha, kwamba kama watamkosea katika kumshika, awasamehe. Wakimaliza wanamwomba tena. Maiti, dada. Wanamwomba msamaha mtu asiyeweza kujibu.

Hayo ndiyo niliyopata. Kila mmoja ana sababu yake, na hakuna sababu mbili zinazofanana. Sijui kama yatakusaidia pale sokoni.

Sasa nisamehe, nitasema bila kuzunguka, wewe unanijua. Cheruiyot alinipigia simu. Anasema unalala huko kwa Tapsubei siku nyingine, na kwamba umemwuliza mzee wa kijiji mpaka wa shamba la mtoni unapita wapi. Nilikata simu. Lakini nakuuliza wewe. Mimi ndiye mtoto wa kiume wa nyumba yetu. Je, ni shamba? Niambie tu ukweli.

Ndugu yako,
Kiplagat


Chepterit
5 Januari 2025

Kiplagat,

Barua yako imefika. Ng'ombe ni mzima. Ndama ni mzima. Watoto wamerudi shule. Paa limezibwa. Mvua hakuna.

Swali lako nimelisoma.

Mwaka mpya mwema.

Jelagat


Takoma Park
23 Februari 2025

Dada Jelagat,

Barua yako ya Januari naijua kwa moyo sasa, kwa sababu ni fupi kuliko maelezo ya dawa. Umemtaja ng'ombe na ndama na paa. Mama mdogo hukumtaja. Nimeelewa kwamba nimekuumiza. Sijui kama bado unakwenda kwake au nimekufukuza huko kwa kalamu. Natamani kujua na naogopa kujua.

Nitakueleza jambo, halafu utafanya upendavyo.

Wiki iliyopita tulizika mama mmoja mzee asiye na mtu. Hakuwa na mtoto, ndugu, wala jirani aliyebaki. Udongo wa huku wakati wa baridi ni kama sahani. Nilianza kuuvunja mapema na bado ulinishinda nguvu. Wale watu wa sinagogi walipigiana simu wakaja, kwa sababu bila idadi yao ya watu kumi hawawezi kusoma sala moja wanayoisoma kwa ajili ya marehemu. Hakuna aliyemjua. Wengi wao walikuwa wazee, Audrey kati yao, na yule wa fimbo. Wakaanza kutia udongo, kwa mgongo wa sepetu kwanza, kisha kawaida. Upepo ulikuwa unakata masikio. Mzee wa fimbo alitia kidogo, akasimama, akahema. Audrey naye akahema. Kaburi lilikuwa bado wazi.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mashine yangu nikingoja waondoke. Ndiyo kazi yangu: wakiondoka nawasha, namaliza, nakwenda kunywa chai. Nalipwa sawa tu. Lakini sepetu ilikuwa imesimama pale kwenye lundo, na hakuna mtu aliyekuwa anaisogelea. Nikaitazama. Hakuna aliyeniita. Hakuna aliyenipa. Nikashuka.

Nilijaza kaburi lile kwa mkono, dada, mimi na Sekou, mmoja akichomeka mwingine anang'oa. Goti liliniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Tulipomaliza Audrey akanijia na chupa yangu mwenyewe ya chai. Akasema, "Haya, sasa mimi ndiye nauliza. Ulikuwa unatafuta nini?"

Nilifungua mdomo. Nimewasumbua watu hawa tangu Septemba, na mimi nikasimama pale kama ng'ombe mbele ya treni. Nikasema, "Ilikuwa imesimama."

"Mwandikie dada yako hivyo," akasema.

Nimekuandikia. Na kuna lingine, nilitoe nipumzike. Nilipokuuliza habari ya shamba, haikuwa kwa sababu ya Cheruiyot. Mimi mwenyewe nimelitazama shamba lile kutoka huku. Nikiwa ndani ya treni narudi kutoka Arlington, nafumba macho na najenga nyumba pale mtoni, vyumba viwili na veranda, nakaa na goti langu kwenye jua. Ningeuliza nani anaitaka chai ile, ningeanza na mimi. Kwa hiyo swali lile ulirudishe, nalichukua mwenyewe.

Sitakuuliza tena. Niandikie tu habari za mama mdogo.

Ndugu yako,
Kiplagat


Takoma Park
21 Aprili 2025

Dada,

Bado sijapata neno. Labda ni posta.

Sekou alinialika kwake kwenye sikukuu yao, ile ya kukumbuka kutoka Misri. Kabla hawajala wanatangaza kwamba kila mwenye njaa na aje ale. Nikamwuliza sikioni, mbona mnatangaza na mlango umefungwa? Akasema, "Ndiyo maana nilikupigia simu mapema." Mtoto wake wa kike anasikia Kiswahili lakini anajibu kwa Kiingereza, aliniuliza nimekimbia marathoni ngapi. Mkate wao wa sikukuu ni kama ubao. Nilikula vipande vingi.

Nilikaa pale nikakufikiria ukirudi nyumbani na ndoo ya maji moto.

Kiplagat


Chepterit
18 Mei 2025

Ndugu yangu Kiplagat,

Barua zako mbili zimefika pamoja, na ya pili niliisoma kwanza, ndipo nikashangaa ndoo imeingiaje kwenye mkate. Sisi ni wazima. Ndama tumempa jina la mama, lakini ana kichwa kigumu kama wewe. Mvua imekuja yote kwa pamoja. Paa usiulize.

Mama mdogo Tapsubei amefariki. Tulimzika juzi Ijumaa. Kaa chini nikueleze kwa utaratibu.

Swali lako la Desemba liliniuma kwa sababu Cheruiyot ni Cheruiyot, lakini wewe ni wewe. Niliacha kwenda. Nikasema, kama hata Kiplagat anadhani ni shamba, basi mama mdogo na aoge kwa huo mdomo wake mkali. Njia ya kutoka kwangu kwenda kuteka maji inapita mlangoni kwake. Nilikuwa napita mbali, kwenye miiba. Nikasikia anagonga kitanda kwa kikombe. Hakuwa anaita mtu, alikuwa anagonga tu. Mtoto wa jirani alimpelekea uji, lakini kumwosha hakuna aliyekwenda. Wale wa picha hawakwenda.

Nilirudi mwezi wa pili, na nilirudi kwa hasira. Nilimgeuza, nikamwosha, alikuwa na vidonda. Halafu nikamwuliza waziwazi, maana uliniambia kwamba huko watu wanauliza na kuulizwa. Nikasema, "Mama, shamba la mtoni ni la nani?"

Akanitazama kwa lile jicho lake zima. "Nilimpa Cheruiyot kabla mama yako hajafa," akasema. "Hakukuambia?" Akacheka, kicheko cha upande mmoja.

Kiplagat, nitakuambia kwa sababu umeniambia lako. Siku ya kwanza ilikuwa harufu, nilivyokuandikia. Lakini siku ya pili nikiwa mtoni nilitazama ile chai ilivyokaa vizuri, nikasema, mbona isiwe mimi? Mpaka wa shamba niliuliza kweli. Cheruiyot hakusema uongo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kwa hiyo aliposema "nilimpa Cheruiyot," niliacha ndoo pale pale katikati ya nyumba, nikatoka, nikalia kwenye boma la ng'ombe mahali ambapo watoto hawanioni. Nikasema, sasa imekwisha. Shamba halipo, asante haipo, na Cheruiyot amekaa sokoni akinicheka juu ya ardhi aliyopewa zamani.

Kesho yake asubuhi nikajikuta nachemsha maji. Sikuwa nimeamua. Nilifika mpaka kwenye ua ndipo nikasimama, nikajiuliza kwa sauti, "Jelagat, unakwenda wapi?" Chepngetich, mjane wa jirani, alikuwa anakama ng'ombe wake. Akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia, "Ni zamu yangu." Hakuna zamu iliyokuwepo. Lakini yeye akadhani ipo, akasema, "Na yangu ni lini?"

Ndiyo hivyo zamu ilivyoanza. Tulikuwa sisi wawili, baadaye wengine, na sitakuandikia majina yao, kwa sababu tulikubaliana hivyo. Niliwaeleza habari za wale watu wa nyumba ya matofali. Tukaanza kuingia bila kusema neno, ili Tapsubei asijue huyu ni nani. Macho yake yalikuwa yamekwisha wakati huo. Mwanzoni alituuliza kwa ukali, "Ni nani? Ni wewe?" Hatukujibu. Baadaye akaacha kuuliza, na unajua alifanya nini? Akaanza kusema asante. Kwa kila mtu, maana hakujua ni nani wa kumnyima. Zamu yangu ya kwanza kusikia neno hilo nilimwaga maji.

Alipofariki walimpeleka mochari. Mimi na Chepngetich tulikwenda tukaomba kumwosha na kumvisha wenyewe. Yule kijana wa mochari akauliza, "Nyinyi ni watoto wake?" Chepngetich akasema, "Tuoneshe maji yalipo." Nilimwita kwa jina. Tapsubei, nikasema, kama tutakukosea katika kukushika, tusamehe. Tulipomaliza nikamwomba tena. Halafu Chepngetich akatoka nje, nikabaki, nikamwambia lililo langu, la mama yetu na ule ua ambao hakuuvuka. Hilo halihitaji kuandikwa.

Sasa mazishi. Cheruiyot alishika kipaza sauti. Suti ya kijivu, viatu vya ncha. Akasema, "Tumemtunza mama yetu mpaka dakika ya mwisho, hakulala na njaa, hakulala mchafu." Watu wakaitikia. Chepngetich alinifinya mpaka nikapata alama. Nilikuwa nafikiria huyo Audrey wako na binti yake.

Jeneza liliposhuka, sepetu niliichukua mimi. Mwanamke, ndiyo, na watu walinong'ona. Niliigeuza, nikachota kwa mgongo wake. Nikasikia mtu nyuma anasema, huyu hajui hata kushika sepetu. Nikatia tena, mara hii kawaida. Nilipogeuka, Cheruiyot alikuwa amesimama mbele yangu, amenyoosha mkono nimpe.

Wote wanatazama, Kiplagat. Mkono uko hewani, na saa inang'aa. Na mimi nimelelewa kama wewe, mikono yangu miwili ilitaka kumpa yenyewe.

Nikaichomeka udongoni, karibu na viatu vyake, nikaondoka.

Alisimama. Mchungaji akakohoa. Mvua ikaanza kudondoka. Alinitazama, akatazama shimo, akatazama sepetu. Halafu akainama, suti na yote, akaing'oa mwenyewe. Akatia udongo. Akatia tena. Hakuacha mpaka viatu vilipopotea kwenye tope, na uso wake ulikuwa umelowa, sijui kama ni kwa mvua tu.

Alipomaliza, mdogo wake alikuwa ameshanyoosha mkono. Cheruiyot akautazama ule mkono. Akaichomeka sepetu udongoni, akampisha.

Goti lako lipakae mafuta.

Dada yako,
Jelagat